Kwintila na Nyumba Iliyong'olewa

Zama Kaisari Tarkiliano alipokuwa akitawala Rumi, mji wa marumaru na hamamu, palikuwa na mkuu wa baraza, jina lake Fabrisio, na alikuwa na pete ya chuma yenye jini mtiifu, na binti asiyetii kirahisi, aitwaye Kwintila.

Na dasturi ya Rumi ilikuwa hivi: mke aliyekaa kwa mumewe mwaka mzima alitoka katika amri ya baba yake, lakini akilala nje ya nyumba ya mumewe siku tatu mfululizo, baba alibaki na amri, hata ya kumtalikisha. Miaka minne, kila mwaka ukikaribia kutimia, Fabrisio alimwita Kwintila, naye akaenda kulala kwao siku tatu, akidhani baba amemkumbuka. Mwaka wa tano ulipokaribia kutimia, Fabrisio akaja na habari kwamba waziri wa Kaisari anatafuta mke.

"Mwanangu, Vibio mumeo ni mwema, ila wema wake hautupi cheo. Njoo ulale kwangu kama kawaida, mengine niachie."

Kwintila aliumia moyo, maana ndipo alipojua alichokuwa akiitiwa miaka yote.

"Baba, heshima yako naijua, lakini siji. Uliniozesha au uliniazimisha?"

Fabrisio akaondoka amefura, na alipofika kwake akaisugua pete. Kwintila, aliyemjua jini yule tangu utotoni, alikwisha kujifunga mnyororo kwenye nguzo kuu ya nyumba.

"Bibi, jifungue, nimeamriwa nikulete," akasema jini.

"Basi nilete nilivyo."

Jini akavuta, na nyumba nzima ikang'oka, na jiko lake na kuku wake na Vibio aliyekuwa amenyoa shavu moja, ikatua juu ya mawaridi ya Fabrisio. Siku tatu Kwintila alipika, akala, akalala, wala hakuvuka kizingiti, na baba yake dirishani akibembeleza na kutisha, hata mwaka ukatimia.

Fabrisio akashtaki kwamba binti amelala kwake siku tatu, hivyo amri bado ni yake, na Kaisari akaja mwenyewe kutazama.

"Binti yako alilala wapi?"

"Bustanini kwangu, ewe Kaisari."

"Ndani ya nyumba ya nani?"

"Ya Vibio."

"Basi hakutoka kwa mumewe. Amri yako juu yake imekwisha."

"Haya, iondoeni nyumba yenu," Fabrisio akasema.

"Imeletwa kwa amri yako, Baba," akajibu Kwintila. "Hatuhami."

Kaisari akacheka, akawapa bustani yote na matunda yake, wakatajirika. Na wewe unayeozesha binti, ozesha kweli, maana tangu siku ile Fabrisio, akitaka kumwona mwanawe, alipiga hodi katika bustani iliyokuwa yake, akangoja akaribishwe.