Njiwa wa Meya wa Houdrival

Paukwa!

Pakawa.

Itikieni kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kaskazini mwa Ufaransa, palikuwa na kijiji kiitwacho Houdrival. Kilikuwa kidogo hata ukipiga chafya kanisani, kijiji kizima kinakuombea afya. Lakini meya kilikuwa naye, Bwana Fulbert, na huyo peke yake alitosha kukijaza.

Siku moja meya alimwendea mjane mmoja, Bi Zélie, akalitazama banda lake la njiwa.

"Banda hili linatuaibisha, Bi Zélie. Wageni watatuonaje?"

Mgeni wa mwisho kufika Houdrival alikuwa ng'ombe aliyepotea.

"Alilijenga marehemu mume wangu, Mheshimiwa. Sina kingine cha mkono wake."

"Basi Jumapili, kwenye mashindano ya njiwa wanaoachiliwa mbali warudi nyumbani, njiwa wako akimshinda wangu, libaki. Akishindwa, nalibomoa."

Njiwa wa Zélie alikuwa mzee, chongo, na mpenda kupumzika njiani.

Sasa sheria ya huko ni kwamba ndege hajafika mpaka aingie bandani mwake. Meya aliijua sana, ila siku hiyo alikuwa na shughuli kubwa zaidi: kujipongeza mapema. Aliipanga bendi chini ya banda lake ipige wimbo wa kijiji, alioutunga mwenyewe, wenye beti chungu nzima. Tena alikwisha kuamuru kwamba ukipigwa, kila mtu asimame wima, mkono kifuani, mpaka ubeti wa mwisho.

Jumapili njiwa wa meya akatokea mawinguni, peke yake. Zélie, uani kwake, machozi yakamlengalenga. Tarumbeta zikalia, ngoma zikarindima, njiwa akashtuka, akatua juu ya paa la kanisa.

Ubeti wa kwanza. Meya akanong'ona, mkono kifuani, "Shuka, mwanangu, uingie."

"Wakinyamaza, nitashuka."

Ubeti wa pili. "Shuka, mwanangu, uingie."

"Wakinyamaza, nitashuka. Si uwanyamazishe?"

Ubeti wa tatu. "Shuka, mwanangu, uingie. Siwezi kuwanyamazisha, ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Yangu."

Wakati huo yule chongo akaja taratibu, amepumzika vya kutosha.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu."

Akaingia bandani. Zélie akaketi chini palepale, akacheka huku analia.

Kule juu ya paa, njiwa wa meya akauliza, "Mama, na hapo kwako wanaimba?"

"Hapana, baba. Hapa tuna mahindi tu."

"Basi hodi."

"Karibu."

Naye akaingia. Meya aliyaona yote, asiinue hata mguu, maana walikuwa wamefika ule ubeti unaomsifu yeye.

Hadithi yangu naikomesha hapa. Wao bado wanaimba.