Mafuta ya Nyonyo na Bendera Nyekundu

Paukwa!

Pakawa.

Sogeeni motoni, wenye masikio. Ya leo hayachekeshi.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakisemezana, palikuwa na kilima kirefu chenye kona kali katikati. Kila baada ya mavuno, wenyeji walishindana kukiteremka kwa magari ya mbao. Magari yale yalikuwa na magurudumu manne, usukani wa kamba na breki ya gogo. Yakiachiwa huko juu, yalishuka kiri, kiri, kiri, vumbi likatanda.

Sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, asipake mtu mafuta kwenye ekseli, ili wote wawe sawa. Ya pili, bendera nyekundu ikiinuliwa, kila mmoja akanyage breki, maana mbele kuna mwenzake aliyeanguka. Mwamuzi alikuwa Kiboko. Bendera aliishika mwanamke mmoja aitwaye Nyamvula, kwa kuwa binadamu ana vidole vya kushikia mti.

Miongoni mwa washindani alikuwamo Pongo, mwenye madoa meupe ubavuni. Gari lake alilichonga mwenyewe. Mwaka ule mvua ilivimbisha mbao zake, ekseli ikawa inalia na kukwama. Asubuhi ya mashindano akaipaka mafuta ya nyonyo kidogo. Alijiambia kwamba anaogopa isije ikakatika njiani. Lakini moyoni alijua alitaka pia kushinda, walau mara moja kabla hajazeeka.

Wakaachiwa. Kobe alitangulia, maana uzito wake ulimteremsha kama jiwe. Nyuma yake Chui, nyuma ya Chui Pongo. Kufika kwenye kona, gurudumu la Kobe likachomoka, gari likapinduka, naye akalala chali katikati ya njia. Nyamvula akainua bendera. Chui aliiona. Hakukanyaga breki. Akapita juu ya Kobe, akaenda zake.

Pongo alikanyaga breki mpaka gogo likatoa moshi. Akashuka, akamgeuza Kobe taratibu. Gamba lilikuwa limepasuka vipande viwili. Kobe akamwuliza kama mbio zimekwisha, na kabla hajajibiwa akakata roho.

Shauri lilisikilizwa kando ya bwawa, Kiboko akiwa majini hadi shingoni. Akamwuliza Nyamvula kama aliinua bendera. Nyamvula akasema, niliinua. Akaulizwa tena, akasema, niliinua. Akaulizwa mara ya tatu, akasema, niliinua. Chui akadai vumbi lilimwingia machoni. Umati ukanong'ona kwa huruma, kwani wengi walitoka mbali kuja kumtazama Chui; asiposhindana yeye, kilima hubaki kitupu. Kiboko alilijua hilo. Akaamua kwamba mashindano yajayo Chui azuiliwe juu ya kilima mpaka ahesabiwe tano, ndipo aachiwe.

Kisha Fisi, mnusaji wa magari, akapita akinusa ekseli moja moja. Kwenye gari la Pongo akasimama.

Pongo hakukana. Alisema yote, hata lile la kutaka kushinda. Kiboko akainuka majini kwa hasira, akamwita mwizi mbele ya watu, akaamuru gari lichomwe moto na Pongo asishindane tena maisha yake yote.

"Mheshimiwa," Pongo akasema, "nimekosa, na adhabu naipokea. Lakini mimi nilipaka mafuta nikafika wa mwisho. Chui ameua. Yeye ni wa kuhesabiwa tano?"

"Chui aliteleza njiani," Kiboko akajibu. "Wewe ulikusudia tangu nyumbani. Sheria ni sheria."

"Sheria ni sheria," akasema Fisi.

"Sheria ni sheria," wakasema wote.

Mke wa Kobe alikuwa amekaa pembeni, vipande vya gamba vikiwa katika kanga yake. Akahesabu kwa sauti ndogo: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha akainuka akaenda nyumbani.

Mwaka uliofuata Chui alihesabiwa tano, akaachiwa, akawapita wote, akashinda. Watu wakampigia vigelegele. Washindani wengine walitazama na kujifunza. Mafuta, wakaona, yanachomesha gari. Bendera ni ya kuhesabiwa tano tu. Wakazikausha ekseli zao zikawa kavu kama mfupa.

Mwaka wa tatu, Ngiri akapinduka palepale kwenye kona, mguu ukabanwa chini ya gari. Pongo alikuwa amesimama na Nyamvula, kwani hakuwa na gari tena. Nyamvula akainua bendera, waliokuwa nyuma hawakupunguza mwendo. Akaipunga, hawakupunguza mwendo. Akaipunga kwa mikono miwili akipiga kelele, hawakupunguza mwendo.

Ndipo akaichomeka bendera ardhini, akateremka kumtoa Ngiri. Pongo alimsihi arudi. Nyamvula akasema, "Sasa ataniona nani hapa juu?" Akalinyanyua gari, Ngiri akajiburuta akatoka. Nyamvula hakuwahi kutoka. Gari la kwanza lilimwangusha, la pili likapita, la tatu likapita.

Pongo akateremka hadi bwawani, damu ikiwa imemganda kwatoni, akamweleza Kiboko yote, na jina la kila aliyepita. Kiboko akamgeukia Fisi, akamwuliza kama amezinusa ekseli.

"Nimezinusa zote, mheshimiwa. Ni kavu."

Kiboko akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi mwaka huu hakuna aliyedanganya. Mleteni mshindi."

Ngoma zikaanza kulia. Pongo akarudi konani peke yake, akaanza kuchimba kaburi kwa pembe zake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkiiona chungu, msinilaumu. Mimi sikuitia chumvi.