Mwalimu Kanga na Nguchiro Asiyetulia

Paukwa!

Pakawa!

Basi tegeni masikio, wadogo kwa wakubwa. Zamani hizo wanyama wa nyikani walikuwa na shule, na somo lilikuwa moja: kusoma nyayo. Mtoto asiyejua unyayo wa chui hakuruhusiwa kwenda mtoni. Akienda, harudi.

Mwalimu alikuwa Kanga. Madoadoa yake safi, sauti yake kali, darasa lake kimya. Kimya, mpaka alipoletwa Nguchiro.

Nguchiro huyo hakutulia. Mwalimu anachora nyayo mchangani, yeye yuko juu. Mwalimu anageuka, yeye yuko chini. Purukushani, purukushani, nyayo zote zimefutika. Kanga akamweka pembeni peke yake. Nguchiro akachimba shimo, akatokea katikati ya darasa. Mwalimu akamnyima mapumziko, ikawa mbaya zaidi. Siku moja Nguchiro akamng'ata Swala sikio.

Wazazi wakaja juu. Mzee Ngiri, mkuu wa kamati ya shule, akasema, "Mtoto huyu ni mkorofi. Aondoke."

Mama Nguchiro akasema taratibu, "Akiondoka, mzee, nani atamfundisha chui ni yupi?"

Kanga moyo ukamuuma, maana kweli alikuwa amemchoka mtoto yule. Akasema, "Niachieni mpaka mtihani wa kuruhusiwa kwenda mtoni."

Kesho yake Kanga hakukemea. Alimtazama tu. Akaona jambo. Nyayo zikiwa chache, Nguchiro ametulia. Zikiwa nyingi, na maneno ya mwalimu yakiwa marefu, mkia unaanza kutikisika: vuru, vuru, vuru. Kisha ndipo vurugu.

Akamwita kando. "Mwanangu, mkia ukianza hivyo, unasikia nini?"

"Nyayo zinakimbiana, mwalimu. Na ukisema mambo mengi, nalipata la kwanza tu. Mengine yanapita. Halafu Swala anacheka."

Kanga akakaa chini. Siku zote hizo hakuwahi kumuuliza.

Tangu hapo akafundisha vingine. Akachora nyayo, akazifunika kwa majani, akafunua mmoja. "Tia mguu wako ndani. Haya, pitisha kidole ukingoni." Akasema neno moja, likatendwa, ndipo akasema la pili. Na mkia ukianza vuru, vuru, Kanga anagonga mdomo kwenye jiwe, ko, ko. Nguchiro anatoka, anazunguka kichuguu mbio, anarudi. Akirudi, anasifiwa kwa kurudi.

Swala akanung'unika. "Mbona yeye anaruhusiwa kukimbia?"

"Kobe haoni mbali, nimemkalisha mbele," akasema Kanga. "Mbona hilo hukuuliza?"

Swala akafikiri. Baadaye akaonekana ameshika majani, anamfunulia mwenzake.

Msidhani mambo yalinyooka tu. Zipo siku Nguchiro alifuta kila kitu, akalia, akasema yeye ni mjinga. Kanga anasawazisha mchanga, anamwambia, "Kesho tunaanza tena." Wanaanza tena.

Siku ya mtihani ikafika. Mzee Ngiri akachora nyayo zote kwa pamoja, akatoa maelezo marefu, marefu. Mkia wa Nguchiro ukaanza. Kanga akatamani kugonga jiwe, lakini mwalimu alikatazwa kusaidia. Nguchiro akachomoka, mbio, akapotelea nyuma ya kichuguu.

"Nilisema mimi," akasema Ngiri.

Mama Nguchiro akainamisha kichwa.

Mara, huyo, anarudi. Amebeba majani. Akafunika nyayo zote, akaacha mmoja. "Huyu pundamilia." Akafunua mwingine. "Huyu fisi." Hapo alikosea, alikuwa mbwa mwitu. Akaendelea pole pole mpaka wa mwisho. Akatia mguu ndani, akapitisha kidole. "Huyu chui. Huyu simsogelei."

Kamati ikampitisha. Mama yake akaketi pale pale vumbini.

Wanyama walipotawanyika, Mzee Ngiri akabaki. Akakohoa. Akamwambia Kanga kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nyumbani ninaye mtoto mmoja. Sijawahi kumleta shule. Naye nyayo zinamkimbia."

"Mlete kesho," akasema Kanga. "Nitaanza kwa kumuuliza."

Basi ndugu zangu, mtoto asiyetulia si lazima awe mkorofi. Muulize kinachomshinda, kisha mfundishe kwa njia anayoiweza. Hadithi yangu naitua hapa. Aliyeisikia na aende nayo nyumbani.