Msumeno Aliouchagua Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, vyungu vyao na majirani wao wa kugombana nao, palikuwa na kijiji kiitwacho Kitamburi. Na Kitamburi misumeno ya mnyororo ilikuwepo. Ndiyo, ile chenso inayolia vruuum! Nani kacheka? Hadithi ni yangu, na zamani zangu zilikuwa na chenso. Asiyetaka akachote maji.

Haya. Kitamburi aliishi mjane mmoja, Bi Digidigi. Marehemu mumewe alimwachia miparachichi minne, na kwa miti hiyo alikula, akavaa, akasomesha watoto. Lakini tangu mume afariki, miaka mitatu ilipita miti haijapogolewa. Matawi yakasongamana, mengine yakakauka, matunda yakawa machache na madogo kama ndimu. Masika yaliyopita mti mmoja ulilemewa na matawi yake wenyewe. Kraaa! Puu! Ukalala chini, mizizi juu. Ikabaki mitatu.

Katika mti mkubwa kuliko yote alipanga Kindi na watoto wake watatu. Kindi mnamjua: mwili kiganja, mkia mkubwa kuliko mwenyewe, mdomo hauna likizo.

"Dada," Kindi akamwambia Bi Digidigi, "miti hii isipopogolewa kabla ya mvua, itaanguka yote. Mimi sitakuwa na nyumba, wewe hutakuwa na chakula."

"Najua, mdogo wangu. Lakini si unaijua mila yetu?"

Mila ya Kitamburi ilikuwa hivi. Mwenye mti hapogoi mti wake, maana mkono wake una huruma. Atalibembeleza kila tawi mpaka jua lizame. Hupogoa mtu mwingine, na ujira wake ni kila anachokiangusha. Akishawasha msumeno hazuiwi na yeyote, mpaka msumeno wake uguse udongo. Ukigusa tu, amemaliza. Wazee waliweka hivyo kwa sababu mchanga hula meno ya msumeno, na msumeno butu huuchana mti badala ya kuukata.

Mila nzuri, eti? Nzuri, mpaka atokee mwenye tamaa.

Mzee Tembo, mwenyekiti, akaitisha mkutano. "Nani atampogolea Bi Digidigi?"

"Mimi!" akasema Nyati, akasimama mpaka benchi likapinduka na waliokuwa wamekaa naye.

Watu wakatazamana. Nyati alikuwa akijenga ghorofa, ya kwanza kijijini, na mbao zilikuwa zimemwishia.

"Kila ninachoangusha ni changu, siyo, mzee?"

"Ndiyo mila."

"Na shina likianguka?"

Mzee Tembo akakuna sikio. Akakuna na la pili. "Mila haikusema kwamba shina halimo," akajibu kwa shida. "Lakini utaanza na tawi kavu la juu kabisa, kama desturi. Baada ya hapo, wewe na msumeno wako."

Bi Digidigi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ataniachia visiki!" akalia. "Jamani, ataniachia visiki vitupu!"

Mara Kindi akaruka juu ya meza. "Mzee mwenyekiti! Naomba niwe wa pili. Msumeno wa Bwana Nyati ukigusa udongo, mimi niendelee na vitakavyobaki, pamoja na ule mti ulioanguka."

"Vitakavyobaki!" Nyati akacheka, ha ha ha, mbavu zikamuuma. "Utakuta majani ya kutandikia wanao!"

"Hata majani, kaka. Mnyonge hachagui."

Ikakubaliwa. Bi Digidigi akamtazama Kindi kwa macho mekundu. "Hata wewe, Kindi? Hata wewe umekuja kugombea mzoga wangu?"

Maneno hayo yalimchoma Kindi. Alitamani kumweleza, lakini masikio ya Nyati yalikuwa makubwa, tena yalikuwa karibu. Akanyamaza. Kindi kunyamaza, wanangu! Siku hiyo ndiyo pekee.

Kesho yake Kindi na Nyati wakaenda kwa Nungunungu, fundi aliyekuwa akiwaazima wanakijiji misumeno.

"Hodi hodi!"

"Karibuni. Kazi gani?"

"Kupogoa," akasema Nyati.

"Matawi unene gani?"

"Kama mkono," akasema Kindi. "Na kuna mti umelala, unataka kuondolewa matawi. Nayo si manene."

"Basi hamhitaji makubwa." Nungunungu akateremsha msumeno mdogo, ule ulimi wake wa chuma unaozungukwa na mnyororo una urefu wa shibiri moja na nusu. "Huu mwepesi, hauchoshi mikono, unapenya katikati ya matawi. Bwana Nyati, shika."

"Huo?" Kindi akashika kiuno. "Fundi, Bwana Nyati mzima ashike huo? Si watoto watamtungia wimbo?"

"Kupogoa si ubabe, bibi," akaanza Nungunungu. "Kupogoa ni..."

Kindi akamkonyeza. Nungunungu akaona jicho lile, akakohoa, akaanza kufuta vumbi kaunta isiyokuwa na vumbi.

"Nipe ule!" Nyati akaonyesha ukutani. Ulikuwa msumeno wa kuangushia mivule, ulimi mrefu kuliko mguu wake wa mbele, mzito kama debe la maji.

"Huo ni wa magogo, bwana. Juu ya ngazi utakuchosha."

"Mimi ni Nyati!" Akaunyanyua, hop! "Mnaona? Jaza petroli mpaka mdomoni. Na hakuna wenye rangi nyekundu?"

"Umekupendeza, kaka," akasema Kindi. "Wallahi umekupendeza."

Hilo la rangi ndilo swali pekee Nyati aliloliuliza juu ya msumeno wake. Kweli tena.

Zamu ya Kindi ikafika. Badala ya kushika msumeno, akatoka mbio. Akalizunguka duka mara saba, akapanda nguzo, akashuka, akapanda tena. Akarudi anahema, hee, hee, hee.

"Una nini?" akauliza Nyati. "Umekalia siafu?"

"Msumeno haupimwi... hee... mtu akiwa na nguvu zake, kaka. Unapimwa akiwa amechoka. Maana ajali humkuta mtu amechoka."

Nyati akacheka mpaka akajipaliza. Kindi hakumjali. Akashika wa kwanza, akaunyoosha mbele. "Huu kichwa kizito, unainama." Akashika wa pili. "Mpini mnene, mkono wangu haufungi." Akashika wa tatu, wa betri, akatulia nao, akahesabu mpaka mia moja. Mikono haikutetemeka.

"Breki iko wapi, fundi?"

"Hapa. Ukiisukuma mbele, mnyororo unasimama."

"Mnyororo ukilegea naukazaje?"

"Kwa skrubu hii."

"Nipe na oili ya mnyororo, na tupa ya kunolea. Ahsante. Huu ndio wangu."

Siku ya kupogoa ikafika, kijiji kizima kikajaa. Bi Digidigi akakalishwa kwenye kigoda mbali kidogo, maneno ya watu hayamfikii, akaipa miti yake mgongo. Ndivyo ilivyokuwa: mwenye mti hatazami, wala hasemeshwi, mpaka mwenyekiti amwite. Alibaki na masikio yake tu.

Nyati akapanda ngazi. Ngwee! Ngwee! Ngazi ikalia kwa kila hatua. Akavuta kamba ya msumeno. VRUUUM! Ndege wote wakahama.

Lakini tawi kavu lilikuwa katikati ya matawi mabichi, na ule ulimi mrefu haukuwa na pa kupita. Ukigeuzwa kulia, kwaa! Ukigeuzwa kushoto, kwaa! Ikabidi Nyati anyooshe mikono yote, msumeno uko mbele kabisa, petroli inachezacheza ndani, chubwi chubwi.

"Haya, kaka, hapo hapo!" Kindi akashangilia toka chini. "Shujaa hapumziki!"

Mikono ya Nyati ikaanza kutetemeka. Jasho likamwingia machoni. Akaukandamiza msumeno juu ya tawi, nalo likainama, likaubana ulimi. Kwiii! Injini ikazimika.

"Niachie wewe!" Nyati akaliambia tawi. Akavuta. Akavuta tena. Krak! Tawi likakatika ghafla, msumeno ukachomoka na uzito wake wote, mikono ya Nyati ikashindwa.

"Jamani! Jamani! Ooo..."

Pu! Ulimi ukajichoma ardhini, ukasimama kama jembe.

"Umegusa," akasema Mzee Tembo.

"Haujagusa! Umepumzika tu!"

"Bwana Nyati. Mwaka jana Ngiri alikanyaga ganda la ndizi, msumeno ukamtoka. Ukasema nini?"

Nyati akatazama kwato zake. "Nilisema mila ni mila."

"Basi chukua tawi lako."

Kindi akapanda. Msumeno wake ukaimba kidogo, zzzz, zzzz, hata watoto wake hawakushtuka. Kila tawi alilichanja kidogo kwa chini, ndipo akalikata kwa juu.

"Mbona unaanzia chini?" Mzee Tembo akanong'ona.

"Nikikata juu tu, mzee, tawi litaanguka na gome la mti. Litauacha mti na kidonda."

Makavu akayatoa. Yanayosuguana akabakiza moja, akaondoa jingine. Yanayokua kuelekea ndani akayatoa. Mengine yote akayaacha. Alipochoka alikaa, msumeno mapajani, akanywa maji. Alipomaliza mti wa tatu akaenda kwenye ule uliolala, akauondolea matawi, moja moja, mpaka likabaki shina tupu.

Nyati alikuwa amekaa pembeni na tawi lake.

"Kindi. Ulijua ule msumeno ungenishinda?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia umenipendeza!"

"Umekupendeza, kaka. Sikusema unaifaa kazi."

Nyati akapumua puani, fuuu! Akasimama. Watu wakarudi nyuma. Kindi, niwaambie kweli, aliogopa mpaka mkia ukamsimama. Lakini hakukimbia.

"Sikiliza, Bwana Nyati. Lile shina la chini ni langu kwa mila, nami siliwezi. Msumeno wangu utaliparuza tu, kama paka kwenye ukuta. Wako ndio kazi yake hiyo. Nakupa, ukapasue mbao za ghorofa yako. Ila ukate magogo mafupi, ili tuweze kuyasukuma." Akamwekea tupa mkononi. "Noa kwanza. Umekula mchanga."

Nyati akaitazama ile tupa. Akamtazama Kindi. Akajitahidi kuendelea kukasirika, ikashindikana. "Tupa yenyewe inashikwaje?" akauliza kwa sauti ndogo.

Akaelekezwa, akanoa, akawasha. VRUUUM!

Na Bi Digidigi pale kigodani akaisikia sauti ile kubwa. Hakuna aliyemwambia lolote, mila ilikataza. "Sasa ndiyo wanaikata," akajisemea. Akauma kanga yake.

Puu! Gogo likaanguka pembeni. "Mmoja," akasema Bi Digidigi.

Vruuum! Puu! "Wa pili."

Vruuum! Puu! "Wa tatu. Basi. Imekwisha. Nisamehe, mume wangu, nimeshindwa kuitunza." Machozi yakamtiririka, hakuyafuta.

Msumeno ukazimwa.

"Bi Digidigi," akaita Mzee Tembo. "Geuka."

"Sigeuki. Nigeuke nitazame visiki?"

"Geuka, binti yangu."

Akageuka.

Miti yake mitatu ilikuwa imesimama. Imesimama! Katikati ya matawi mbingu ilionekana, na jua likaanguka mpaka kwenye mizizi. Watoto wa Kindi walikuwa tawini wakimpungia mikono. Chini, Nyati alikuwa amekalia gogo la mwisho, ana unga wa mbao mpaka kwenye kope, na magogo mengine mawili yako kando yake.

Bi Digidigi akaenda kwa kila mti akaushika kwa mikono miwili. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kisha akamshika Kindi, akamkumbatia mpaka Kindi akalia kwi!

"Mbaya wewe!" akacheka huku analia. "Umeniua kwa hofu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, dada, uso wako ungemwambia Nyati."

Na hiyo ndiyo hadithi, niliyopewa nami nimewapa. Chagueni chombo kwa kazi yake, msikichague kwa majivuno yenu.