Aliyeisemesha Stirio ya Mzee Songoro

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ya fisi kuposa binti wa sultani. Nasema zamani ya juzijuzi tu, simu zilipokwisha kuingia mifukoni na watu wakaanza kuona haya kuwa na kitu kikubwa sebuleni, palikuwa na stirio katika mtaa mmoja wa Tabora. Spika mbili za mbao, kila moja inamfikia mtu mzima kiunoni. Katikati yake risiva, ule mtambo wenye vioo na vitufe vya kuzungusha, unaoshika redio na kuzisukumia spika sauti. Mwenyewe aliitwa Mzee Songoro. Kila Jumamosi alasiri alifungua madirisha, akaweka santuri, na mtaa mzima ukacheza barabarani bila kiingilio.

Mzee Songoro hakuwa na mtoto. Alipoona siku zake zimekwisha, alichukua rangi nyeupe na brashi, akaandika nyuma ya spika ya kulia: Ni yake mtu atakayeisemesha nikishaondoka. Watu walicheka, maana wakati huo stirio ilikuwa inasema vizuri tu. Mzee akafa. Masika ya mwaka uleule bati la sebuleni likatoboka, maji yakaingia kwenye risiva, na stirio ikanyamaza.

Sasa sikilizeni mambo ya watu watatu, na msinikatize.

Wa kwanza ni Bi Tunu, muuza vitumbua, aliyekuwa amepanga chumba cha uani katika nyumba ile. Mpwa wa marehemu, Haruni, aliyekaa Mwanza, alipiga simu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu akawaambia wakachukue zile takataka za mjomba. Wakaja na mkokoteni. Bi Tunu akaketi juu ya spika, akafumbata mikono.

"Hii haiendi," akasema.

Wakaja mara ya pili. Akaketi. Hii haiendi. Wakaja mara ya tatu na barua ya Haruni. Akaisoma, akafungia vitumbua, akaketi. Hii haiendi. Miaka saba. Binti yake alimjengea chumba Kahama, chenye dirisha la vioo na kitanda kipya, akamwambia mama njoo upumzike. Bi Tunu hakwenda, kwa sababu alijua akigeuza kisogo tu mkokoteni utarudi. Chumba kile kikakaa miaka saba bila mtu.

Wa pili ni fundi Gervas, mtengeneza redio wa sokoni. Bi Tunu alimwita aje kuiangalia risiva. Akafungua kifuniko, akakuta kutu, akakuta kiota cha panya, akakuta transista mbili za kutolea sauti zimeungua. Mafundi wenzake wakamwambia, "Gervas, ng'oa utumbo wote huo, tia kibao cha kisasa cha bluutuu, nje itabaki ileile. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," Gervas akasema. "Hii haiendi hivyo."

Transista za aina ile hazikuwepo Tabora, wala Mwanza, wala Dar. Zilikuwepo mahali pamoja tu: nyumbani kwa Gervas. Alikuwa na risiva ndugu ya ile, aliyoikusanya kipande kwa kipande kwa miaka tisa, kitufe kutoka Urambo, kioo kutoka Kigoma. Hiyo ndiyo aliyowaonyesha watu waliosema hajui kazi. Akaiweka mezani, akaitazama kitambo, akazing'oa transista zake. Yake ikafa, ya Mzee Songoro ikawasha taa.

Wa tatu ni Kalunde binti Mihambo, na huyu ndiye ninayemjua zaidi. Baba yake alikuwa mwamba ngoma, hodari kuliko wote waliobaki, na Kalunde tangu utotoni alishika ngozi upande mmoja baba akivuta upande wa pili. Alipokua akaanza kukusanya spika mbovu na kuzitengeneza. Wanaume wa sokoni walimwita Mama Makopo, naye akawaachia waseme.

Spika za Mzee Songoro zilikuwa na ugonjwa wa uzee. Ile karatasi ya katikati, koni, inayotetemeka ndipo sauti itoke, ilikuwa nzima. Lakini ukingo wa sponji unaoishika ulikuwa umeoza ukawa unga. Sponji za kipimo kile hazikupatikana tena.

"Nitaweka ngozi," Kalunde akasema.

"Spika si ngoma, dada," Gervas akamwambia.

"Niache."

Akanunua ngozi ya mbuzi, akailoweka, akaikata pete mbili, akazibandika ukingoni mwa koni. Na hapo akafanya kosa ambalo binti wa mwamba ngoma peke yake ndiye angelifanya: aliivuta. Mikono yake ilikuwa haijui kuishika ngozi bila kuiwamba. Ilipokauka ikakaza, koni ikakosa pa kwenda. Siku waliyoiwasha, taa za risiva zikang'aa zote, na spika zikatoa kikohozi. Mwimbaji alikuwa kama amekabwa koo. Gervas alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Kalunde aliona haya iliyomchoma mpaka masikioni.

Akazibandua. Akajua sasa anachotaka: ngozi nyembamba, laini, inayolegea. Akaijua iliko pia. Mzee Mihambo kabla hajafa alikuwa amepaa ngozi ya mwanambuzi, kuikwangua manyoya na nyama, kwa miezi mitatu, akaisugua mafuta ya nyonyo mpaka ikakunjika kama kitambaa. Alikusudia kuiwamba kwenye ngoma ya ukoo. Hakuwahi. Ngozi ile ilitundikwa nyumbani kwa baba mdogo Kapela, ikisubiri mtu anayestahili kuimaliza, na kila tambiko watu waliigusa.

Kalunde akaenda akaiomba. Baba mdogo akakataa. Akaenda mara ya pili, akakataliwa. Mara ya tatu hakuomba. Aliitungua mchana kweupe, mbele ya wajomba na mashangazi.

"Ukiikata hiyo," baba mdogo akasema, "usinijie hapa na ngoma yetu usiiguse tena."

"Baba aliipaa isikike, baba mdogo. Hapa miaka kumi na mbili inasikika wapi?"

Akaikata. Safari hii hakuvuta. Aliilaza pete ya ngozi ukingoni taratibu, akaiacha ilegee, na kila vidole vilipotaka kukaza akaviondoa. Baadaye aliniambia kwamba ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya maishani, kuacha kufanya alichofundishwa na baba yake.

Jumamosi wakafungua madirisha. Bi Tunu akavuta kutoka uvunguni kinanda cha santuri alichokuwa amekificha pamoja na santuri zake, Gervas akaunga nyaya, Kalunde akashusha sindano. Stirio ikasema. Ilisema kwa upana uleule wa zamani, besi ikipita chini ya viti, mwimbaji kama amesimama wazi chumbani. Watu wakatoka majumbani na unga mikononi. Mama mmoja mshona nguo alikaa chini mlangoni akalia, akasema mume wake alimposa kwa wimbo huo.

Kuna mtu akarekodi kwa simu, akasambaza. Watu wa mijini wanaokusanya vitu vya kale wakaulizana ni ya nani ile. Juma lililofuata pikapu ikasimama nje, akateremka Haruni.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba. Leo hukuleta mkokoteni?"

"Nimekuja kuchukua mali ya mjomba wangu."

Bi Tunu akaketi juu ya spika ya kushoto. Kalunde akaketi juu ya ya kulia. Gervas akaweka kiganja juu ya risiva. Wakasema kwa pamoja bila kupangana, "Hii haiendi."

Lakini Haruni hakuwa mjinga, na hapo ndipo penye shida. Alizunguka nyuma, akayasoma maandishi. Akamwita balozi wa mtaa awe shahidi.

"Sawa," akasema. "Neno la marehemu silivunji. Ila mjomba ameandika mtu, hakuandika watu. Nitajieni huyo mmoja Ijumaa baada ya swala, nami nitaweka saini iwe yake. Mkishindwa kunitajia, basi aliyeisemesha hayupo, na mrithi ni mimi."

Balozi akakuna kichwa, akasema kwa kweli ndivyo ilivyoandikwa.

Akaondoka, nao wakageukiana.

"Kuna la kujadili?" Bi Tunu akasema. "Kama si mimi, ninyi mngetengeneza nini? Hewa? Miaka saba nimeketi hapa, mgongo umeniharibika. Naichukua naenda nayo Kahama, nikakae na mwanangu."

"Umeikalia miaka saba, mama, ilitoa neno?" Gervas akasema. "Na wewe Kalunde, ngozi yako ingetetemeshwa na nini kama si umeme wangu? Uhai wake niliutoa kwenye mashine yangu, na mashine yangu imekufa. Inakuja kwenye kibanda changu, waione wale waliosema sijui kazi."

Kalunde alitaka kunyamaza. Alimpenda Bi Tunu, na alijua transista zile zilimuuma Gervas kiasi gani. Kisha akaukumbuka mlango wa baba mdogo ulivyofungwa nyuma yake.

"Umeme ulikuwepo siku ile ya kwanza, fundi," akasema. "Bi Tunu ulikuwepo, risiva ilikuwepo, taa zote zinawaka. Tulisikia nini? Kikohozi, na wewe ukacheka. Mzee hakuandika atakayeilinda. Hakuandika atakayeiwasha. Ameandika atakayeisemesha. Baba yangu yumo ndani ya zile spika, mimi sina pengine pa kumsikia. Siitoi."

Msiniambie wagawane. Walijaribu. Walipozima spika ya kushoto, mwimbaji akapotea, yakabaki magitaa. Walipozima ya kulia, magitaa yakapotea, mwimbaji akabaki anahangaika peke yake. Msiniambie pia washike zamu. Balozi ameleta karatasi yenye mstari mmoja wa jina.

Ijumaa ikafika. Swala ikaisha. Pikapu iko nje, injini inanguruma, balozi ameshika kalamu, mtaa mzima umejaa uani.

"Haya," Haruni akasema. "Jina."

Hakuna aliyesema jina la mwenzake. Hakuna aliyelitoa lake. Kalunde akainuka, akachagua santuri, akashusha sindano, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Haruni akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Watu waliona meno yake tu, neno hawakulisikia hata moja. Bi Tunu alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Gervas alikuwa anacheza.

Lakini santuri ina upande mmoja na upande wa pili, na kila upande una mwisho wake. Wimbo wa mwisho umeshaanza. Sindano inaelekea katikati, na Kalunde anaitazama. Ikifika itainuka, uwanja utanyamaza, balozi atauliza mara moja tu.

Nyinyi mlioketi hapa mmesikia yote. Yuko aliyekataa isibebwe. Yuko aliyeiua yake ili hii iishi. Yuko aliyeikata ngozi ya baba yake akafungiwa mlango wa kwao. Msinijibu kwamba ni wote watatu, maana hilo ndilo jibu ambalo Haruni ameliwashia gari analisubiri.

Semeni upesi, sindano haingoji. Je, nani aliisemesha?