Kitanda cha Bibi Mkunga

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sauti hiyo haiamshi hata sisimizi. Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya, sasa mmeamka. Wakubwa, wapisheni wadogo waje mbele. Fumbeni macho, kila mtu achore kichwani mwake: kichuguu kikubwa, chekundu, kando ya njia iendayo mtoni. Kina milango sita. Mlango huu kichwa kinachungulia, kinapotea. Mlango ule kichwa kinachungulia, kinapotea. Mtadhani ndani mna wanyama sita. Anayechungulia ni mmoja tu. Ni Nguchiro, na leo hawezi kutulia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilala vitandani na kukaribishana majumbani, Nguchiro alioa mke. Mke huyo aliitwa Mashavu. Wakapendana. Mashavu akapata mimba, akajifungua bila mkunga, na mtoto yule hakukaa duniani. Wakalia, wakanyamaza. Sasa Mashavu alikuwa na mimba ya pili, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Nguchiro akaapa: "Safari hii mkunga atakuwepo."

Mkunga wa nchi ile alikuwa mmoja tu, Bi Kiboko wa mtoni. Alizalisha swala. Alizalisha pundamilia. Alizalisha hata nungunungu, na nungunungu si mchezo, wanangu. Mikono yake ilikuwa mizito, lakini hapakuwa na mikono mipole kama ile. Na desturi yake ilikuwa hii: huja siku chache kabla, akakaa na mzazi, akalala palepale mpaka mtoto atoke.

Nguchiro akaenda mtoni, chaka-chaka-chaka. Akapiga hodi.

"Nimesikia, baba," akasema Bi Kiboko. "Keshokutwa alasiri nitafika."

Nguchiro akarudi mbio kwa furaha, chaka-chaka-chaka. Njiani akamkuta Ngiri, jirani yake, amepiga magoti anachimba mizizi.

"Jirani, mbona mbio?"

"Bi Kiboko anakuja kwetu!"

Ngiri akacheka mpaka mkia ukasimama wima. "Anakuja? Atalala juu ya nini?"

"Juu ya kitanda."

"Kitanda! Sisi mwaka jana tulimpa kitanda. Aliketi mara moja. Kwachaa! Miguu ya kitanda huku, kamba kule, bibi chini! Tukacheka, tukacheka, mimi nikacheka mpaka nikaanguka."

"Halafu?"

Ngiri akaacha kucheka. "Halafu akainuka. Akafunga kanga yake, akaenda zake. Mke wangu alijifungua peke yake. Tuliona taabu, jirani. Tuliona taabu."

Nguchiro akageuka kuelekea mtoni. "Basi nitarudi nimuulize kitanda gani kitambeba."

"Wee! Una wazimu? Mgeni haulizwi uzito! Utamwambiaje? 'Bibi, wewe ni magunia mangapi?' Atakasirika, hatakuja kabisa. Nyamaza, tafuta kitanda, omba Mungu."

Nguchiro akanyamaza. Lakini moyo wake haukunyamaza. Moyo wake ulikuwa ukiimba. Nami nitauimba wimbo huo; kitanda hakijawa tayari, basi nanyi mwitikie "Hakijawa!"

Mgeni yuaja, yuaja! Kitanda kiko wapi?

"Hakijawa!"

Kitanda kiko wapi?

"Hakijawa!"

Siku ile ile akaenda kwa Kima, muuza vitanda.

"Karibu, mteja wangu, karibu!" Kima akaruka huku na huku. "Tazama nakshi! Tazama ukindu, mwekundu na kijani! Kitanda hiki simba akikiona atalia."

"Ni imara?"

"Ni imara? Panda mwenyewe uone!"

Nguchiro akapanda. Akaruka. Akajigaragaza. Akaruka tena. Kitanda hakikusema hata kwi. "Kweli ni imara!" Akatoa mayai yote aliyoyaweka akiba, akampa Kima, akakikokota kitanda mpaka nyumbani.

Mashavu alikuwa ameketi mlangoni, mkono juu ya tumbo. Akakitazama kitanda.

"Kizuri. Nani amekijaribu?"

"Mimi."

"Wewe?" Mashavu akacheka, akashika mbavu. "Mume wangu, wewe ukikanyaga jani, jani halijui kama limekanyagwa! Mwite Ngiri akijaribu."

Ngiri akaja. Akaketi. Kwachaa! Nakshi huku, ukindu kule, Ngiri chini.

"Na mimi," Ngiri akasema akijipangusa vumbi, "sifikii hata nusu ya nusu ya yule bibi."

Mgeni yuaja, yuaja! Kitanda kiko wapi?

"Hakijawa!"

Siku ya pili, asubuhi mapema, Nguchiro akaenda kwa Kigogota, fundi seremala. Ko-ko-ko-ko, fundi yuko kazini.

"Fundi! Nataka kitanda cha mgeni, leo leo."

"Ko. Mgeni gani?"

"Mgeni tu."

"Mgeni tu hana kitanda. Ni mzito au ni mwepesi?"

Nguchiro akaona haya. Akatazama juu, akatazama chini. "Ni wa... ni wa wastani."

"Wastani wa panzi au wastani wa nyati?"

"Wastani, fundi! Maswali ya nini? Mgeni yuaja!"

Kigogota akamtazama kwa jicho la kushoto. Akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la kulia. "Haya. Mimi waweza kunidanganya, mimi ndege tu. Mti haudanganyiki."

Ko-ko-ko akatoboa, ko-ko-ko akapigilia. Alasiri kitanda kikawa tayari, wakakipeleka kwenye banda la majani lililo kando ya kichuguu. Ngiri akaitwa, akaketi. Kitanda kikalia kwi, kikanyamaza. Hakikuvunjika!

Nguchiro akarukaruka. "Kimekuwa! Kimekuwa!"

"Kimenibeba mimi," akasema Ngiri. "Sasa tuone kama kitambeba Bi Kiboko."

Kigogota akageuka. "Kitambeba nani?"

Nguchiro akajificha nyuma ya Ngiri.

"Mgeni wako ni Bi Kiboko? Nawe ukaniambia wa wastani?"

"Niliona haya, fundi. Si adabu kumsema mgeni."

"Adabu ya nani hiyo?" Kigogota akapanua mbawa kwa hasira. "Ungeniambia kweli, ungeona haya wewe, kidogo tu, mbele yangu mimi. Sasa ataona haya yeye, mbele ya watu wote, naye yuko chini na kitanda kimemfunika. Umejisitiri wewe, yeye umemwacha wazi."

"Basi tufanyeje, fundi?" akauliza Nguchiro.

"Kaniletee majibu," akasema Kigogota. "Bibi huyo huketi vipi? Hulala ubavu gani? Hujiinua vipi? Bila hayo sipigilii tena hata kijiti."

Nguchiro akaingia ndani. Akatoka. Akaingia tena. Mashavu alikuwa amejilaza, naye alikuwa amesikia kila neno.

"Kesho asubuhi nenda kamuulize," akasema.

"Akikasirika je? Akigeuka akarudi mtoni? Mke wangu, mara ya kwanza..."

"Mara ya kwanza naikumbuka kuliko wewe," akasema Mashavu polepole. "Nami naogopa. Lakini akianguka ndani ya nyumba yangu, nitamtazamaje usoni? Nitampaje tumbo langu alishike?"

Siku ya tatu, jua linachomoza, Nguchiro alikuwa njiani. Chaka-chaka-chaka. Mara akasikia ardhi: du. Du. Du. Bi Kiboko alikuwa ameanza safari mapema, apate kutembea kabla ya jua kali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mzazi hajambo?"

"Hajambo. Bibi, na... nataka... bibi..." Akamzunguka kulia. Akamzunguka kushoto.

"Simama, baba, unanizungusha kichwa."

Nguchiro akasimama. Akafumba macho. "Bibi, nataka kukuuliza juu ya kitanda."

Bi Kiboko naye akasimama. Masikio yake yakacheza, pi-pi. Halafu yakatulia. Nguchiro akaona kama bibi tayari anageuka, kama tayari anaondoka.

"Kwa Ngiri umesikia nini?" akauliza Bi Kiboko.

"Nimesikia kilivunjika, wakacheka. Bibi, sitaki kivunjike kwetu. Nilinunua kimoja, nikakijaribu kwa kurukaruka juu yake."

"Wewe?"

"Mimi. Kikanibeba. Ngiri akaketi, kikavunjika. Nikaagiza kingine, nikamwambia fundi mgeni wangu ni wa wastani."

"Wastani!" Tumbo la Bi Kiboko likatikisika, he-he-he. Likatikisika tena. Kisha likatulia, na macho yake yakawa na maji.

"Mwanangu, tangu siku ile ya Ngiri sijalaza ubavu katika nyumba ya mtu. Wananitandikia kitanda kizuri, halafu wanasimama mlangoni wananong'ona. Mimi husimama, nikaegemea ukuta mpaka kukapambazuka. Asubuhi wananisifu, 'Mkunga wetu huyu halali!' Nilale wapi? Lakini mikono isiyolala, ipo siku itatetemeka, na siku hiyo mtoto wa mtu atakuwa ndani yake. Hilo ndilo linaloniogofya." Akavuta pumzi. "Wote wananong'ona. Wa kuniuliza ni wewe tu."

"Basi niambie, bibi. Nitabeba kila neno."

"Kitanda kiwe cha chini, magoti yangu yasipate taabu. Mimi sijitupi katikati. Kwanza huketi ukingoni, uzito wote mahali pamoja, ndipo najilaza. Watu huweka matendegu manne manene kwenye pembe, ndiyo miguu ya kitanda, wakafurahi. Lakini mfumbati, ule mti mrefu wa ubavuni, wanauacha mwembamba. Hapo ndipo kinapovunjika. Niwekee mifumbati minene, na tendegu moja zaidi katikati ya kila mfumbati. Kamba iwe ya mkonge, iwambwe mara mbili. Nakshi sihitaji. Nami hulalia ubavu wa kushoto, basi kielekezwe kwa mzazi, nimsikie."

Nguchiro akapiga mbio. Hajawahi kukimbia namna ile. Akamweleza Kigogota yote, hakumeza hata neno moja.

"Ahaa!" Kigogota akachangamka. "Sasa huyo ndiye mgeni! Sasa nina kazi!"

Ko-ko-ko-ko! Mifumbati ikabadilishwa. Ko-ko-ko-ko! Matendegu yakakatwa yakawa mafupi, mawili yakaongezwa katikati. Ngiri akavuta kamba kwa meno, Nguchiro akapita chini, akapita juu, akapita chini, akapita juu. Jua likaanza kuteremka.

Mgeni yuaja, yuaja! Kitanda kiko wapi?

"Hakijawa!"

Du. Du. Du. Huyo anapanda njia ya mtoni.

Kitanda kiko wapi?

"Hakijawa!"

Du. Du. Du. Huyo yuko uani. Nguchiro akakaza fundo la mwisho, akaruka pembeni.

Bi Kiboko akakitazama kitanda. Akautazama mfumbati. Akageuka, akaketi ukingoni.

Kwiiiii!

Nguchiro akaziba masikio. Ngiri akafungua mdomo. Mashavu akamtazama Ngiri, Ngiri akaufunga.

Kitanda kikalia kwii. Kikalia kwi. Kikanyamaza. Bi Kiboko akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akajilaza ubavu wa kushoto.

"Aaah," akasema.

Wakamletea uji, wakakuta wamechelewa. Khorrr! Khorrr! Jua bado liko juu, na bibi amelala. Khorrr! Majani ya paa la banda yakapepea.

"Tumwamshe ale?" Nguchiro akanong'ona.

"Thubutu," akasema Mashavu.

Akalala mpaka asubuhi. Akala, akampapasa Mashavu tumbo, akalala tena. Siku ya tatu tangu afike, kulipopambazuka, Mashavu akaita: "Bibi! Wakati umefika!"

Bi Kiboko akainuka. Akamshika Mashavu tumbo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Alikuwa anakuja kwa miguu.

Nguchiro akaingia. "Bibi, kuna nini?" Akatoka. Akaingia. "Bibi, vipi?"

"Baba, nenda kachote maji. Ukimaliza, kachote mengine."

Mikono ile mizito ikaanza kazi. Taratibu. Taratibu. Ikasubiri, ikasogeza. Ikasubiri, ikasogeza. Kazi ile ilichukua asubuhi nzima, na mikono haikutetemeka hata mara moja.

Nguchiro alikuwa amejaza mtungi wa tisa aliposikia: nying'i! Kidogo sana. Kisha kwa nguvu: nying'i! Nying'i!

Mtungi ukamponyoka. Akapiga mbio, akaingia, akamkuta Mashavu amelala amechoka, anatabasamu, na kifuani pake kitu kidogo chenye mkia, kinalia kwa hasira.

"Huyu atakaa," akasema Bi Kiboko. Na kweli, mtoto akakaa.

Siku ya kuondoka kwake, Bi Kiboko alimkuta Ngiri kwenye njia, amesimama, kichwa chini, mkia chini.

"Bibi," akasema, "mke wangu ana mimba tena."

Bi Kiboko akamtazama sana. "Una kitanda?"

"Sina, bibi. Siku ile tulikosa, tukacheka. Nisamehe. Leo nimekuja kuuliza."

Bi Kiboko akatua furushi lake chini. "Haya," akasema, "sikiliza vizuri. Tuanze na mfumbati."

Wanangu, na ninyi wazazi wao, mafunzo ni haya: kuona haya kumuuliza mgeni si kumheshimu. Anayempenda mgeni humuuliza kinachomfaa, akakitengeneza kabla hajafika. Na mwili wa mtu si wa kunong'onwa wala wa kuchekwa.

Hadithi yangu imefika, mzigo imeutua hapa. Hata mkiyasahau mengine yote, nawaombeni mlikumbuke neno moja tu: mtu akija kwenu, muulizeni kwa upole, kisha mnyamaze, mumsikilize mpaka amalize.