Majamvi Juu ya Magugu

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemen alikuwako mjane mchamungu aitwaye Lubaba binti Harithi. Yeye na mayatima wake watatu waliishi kwa kipande cha shamba la wakfu, ambalo msikiti uliwagawia wasiojiweza walime. Mumewe aliugua mwaka mzima kabla ya kufariki, na mwaka ule wote Lubaba hakubanduka kando ya kitanda chake. Alipotoka eda alikuta magugu yamefika kiunoni, na chini yake ndago, mmea mkaidi usiojua kufa.

Shaddadi, jirani yake aliyelima ngano upande wa bondeni, alikuwa akikitamani kipande kile siku nyingi. Akaenda kumshitaki kwa Sheikh Mikidadi, msimamizi wa wakfu, kwamba ameliacha shamba liwe pori.

Sheikh akamwita Lubaba, akamwambia, "Bibi, nakupa miezi mitatu. Shamba lisiposafika, atapewa mwingine."

Safura, dada yake Lubaba, mwanamke mwenye huruma nyingi na subira haba, akamjia na gunia la chumvi kichwani.

"Yeyusha uyamwagie magugu, dada yangu. Baada ya siku chache hutaona hata jani."

"Na maji yanayoteremka kwa Shaddadi?"

"Chumvi ikimfikia, na imfikie! Amejitakia."

Si kwamba Lubaba hakushawishika. Alikuwa na hasira na Shaddadi, hasira ya kweli, na njaa ya wanawe aliiona mbele yake. Hata hivyo akasema, "Shaddadi amenikosea. Ngano yake imenikosea nini?"

Gunia likawekwa pembeni jikoni.

Siku ile ile akaenda kwa imamu. Nyuma ya msikiti yalirundikwa majamvi chakavu ya miaka mingi, na hakuna aliyethubutu kuyachoma, kwa heshima ya nyuso zilizosujudu juu yake. Lubaba akaomba ayatandaze shambani ili magugu yakose jua yafe. Imamu akafikiri, kisha akasema, "Yamewahudumia wanaosali. Sasa yawahudumie mayatima."

Basi akaishika kazi. Alifyeka kwa mundu, akapiga magoti na kuifuata ndago kwa vidole mpaka kiazi chake cha mwisho, na kila kiazi alichong'oa alisema "Subhanallah". Palipobaki visiki vya magugu alitandaza jamvi. Kucha zilimkatika, mgongo ukamuuma hadi machozi.

Wapita njia wakamtania, "Bi Lubaba, umeyatandikia magugu yasali?"

"Yasaliwe," akajibu. "Hii ni swala ya jeneza."

Miezi mitatu ikatimia. Sheikh Mikidadi akaja na jamaa wa mjini, akakuta shamba li tupu, halina hata unyasi, na limebaki jamvi moja tu. Shaddadi akapaza sauti: "Amelimwagia chumvi! Majamvi ni pazia tu. Na sharti la wakfu mnalijua, anayeiua ardhi kwa chumvi huondolewa."

Watu wakanong'ona. Sheikh akamgeukia mjane. "Utaapa?"

"Nitaapa, Sheikh. Lakini kwanza iulize ardhi."

Akashika ncha ya jamvi la mwisho, akalifunua. Udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu, na nyungunyungu walikuwa wakijipinda kila mahali, wanono, wakikimbia mwanga. Sheikh akainama, akachukua udongo kidogo na kuugusisha ulimini. Akatabasamu.

"Wallahi, hauna chumvi hata chembe! Shamba ni lako kulilima, Lubaba, na la wanao baada yako."

Takbira zikarindima hadi barabarani. Safura akashindwa kujizuia. "Chumvi niliileta mimi, Shaddadi! Ipo jikoni mpaka leo. Dada yangu aliikataa kwa ajili ya ngano yako."

Shaddadi akainamisha kichwa. Kesho yake alfajiri alionekana shambani kwa Lubaba na jembe lake, akichimba matuta, na hakuna aliyemtuma.

Matuta yale yakapandwa dengu, nazo zilipoiva, Lubaba alipika chungu cha kwanza na kukikoleza kwa chumvi ya gunia lile. Bakuli la mwanzo likapelekwa kwa Shaddadi. Hivyo ndivyo chumvi ile ilivyomfikia, naye akaila akilia.

Ndugu zangu, hasira ya Lubaba ilikuwa ya haki, na bado hakuiachia imwagike kwa jirani. Tumuombe Mola atupe mikono ya kung'oa kibaya bila kuua kilicho hai.